Barua imeandika baki ni sifuri: kisa cha binti aliyelelewa na baba mdogo na hela ya chuo Marekani

Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa ya wenyewe, majina nayaacha. Ni familia ya Wakongo wa Fizi, Kivu Kusini, wamekaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Lexington, Kentucky, na sasa wote wana kadi ya kijani, ile ya ukaaji wa kudumu. Baba mwenye nyumba anafanya kazi kiwanda cha vipuri vya magari, mkewe yuko idara ya kufua kwenye hoteli, watoto wa kuwazaa ni watatu na wa nne ni binti wa marehemu kaka yake, ambaye ndiye tunayemzungumzia. Huyu binti yuko nao toka akiwa mdogo sana. Baba yake aliuawa Kongo, mama yake akafariki kambini, na toka siku ile amekula sahani moja na wenzake na hakuna mtu pale nyumbani anayemwita yatima, ukimwita hivyo mbele ya mama mdogo utatafuta mlango wa kutokea.

Amemaliza haiskuli Mei 2025, wastani wa 3.6 kati ya 4 miaka yote minne, anataka unesi. Sasa mwezi wa nne ndio waliponiletea barua.

Barua ilitoka chuo kimoja binafsi ng'ambo ya mto, upande wa Ohio. Karatasi nzuri, ina nembo, juu imeandikwa hongera kwa herufi kubwa, katikati kuna jedwali na chini kabisa mistari miwili: jumla ya msaada wako dola 54,000, kiasi kilichobaki dola 0. Baba mdogo alishaipiga picha akaituma kwenye grupu la ukoo, watu wa Kalemie na Bukavu na Nyarugusu wanampongeza, amina amina, mtoto amepata fulu skolashipu Amerika. Na mimi siwalaumu hata kidogo maana barua yenyewe ndivyo inavyosomeka. Ukaguzi wa GAO, ile ofisi inayokagua mambo ya serikali kwa niaba ya Kongresi, ulisema mwaka 2022 kwamba kama 91% ya vyuo barua zao ama haziweki kabisa gharama halisi ambayo familia italipa au zinaiweka pungufu. Kwahiyo sio wageni tu wanaochanganyikiwa, hata Mmarekani aliyezaliwa hapa hapa anasoma sifuri anaamini sifuri.

Jedwali lenyewe lilikuwa hivi. Gharama ya mwaka mzima, yaani ada, bweni, chakula, vitabu, nauli na matumizi, 54,000. Halafu upande wa msaada: skolashipu ya chuo 21,000. Pell Grant, msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, 2,505. Mkopo wa serikali wa mwanafunzi ambao riba yake serikali inalipa ukiwa bado unasoma, 3,500. Mkopo mwingine wa mwanafunzi ambao riba inaanza kuhesabiwa siku hela inapotoka, 2,000. Kazi ya chuoni 2,400. Na mstari wa mwisho, umeandikwa Parent PLUS tu, 22,595.

Tulichukua kalamu tukaanza mstari kwa mstari, na swali ni moja tu kwa kila mstari: hii hela hatimaye anailipa nani? Skolashipu na Pell ndio pesa ya bure, harudishi mtu, jumla 23,505. Kazi ya chuoni sio hela iliyoko mezani, ni ruhusa ya kutafuta kazi pale kampasi, ukipata utalipwa kwa saa kama kazi yoyote na cheki inakuja kwako kidogo kidogo, haipunguzi ankara ya Agosti. Mikopo miwili ya mwanafunzi 5,500 atalipa binti. Na ile 22,595 ni mkopo wa mzazi, kwa jina la mzazi, unakwenda kwenye kredit ya mzazi, yaani rekodi yake ya madeni, na mtoto hata akiwa bilionea baadaye kisheria deni ni la mzazi.

Kwahiyo hiyo fulu skolashipu ilikuwa chini ya nusu.

Huu mkopo wa mzazi nataka nikae nao kidogo maana ndio unaoumiza watu wetu kimya kimya. Kwa mwaka wa masomo 2025-26 riba yake ni 8.94%, wakati mkopo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni 6.39%. Kabla hela haijafika chuoni wanakata ada ya 4.228%, kwa hiyo kwenye 22,595 zinaondoka dola 955 na senti hapo hapo, maana yake hata ile sifuri ya kwenye barua haikuwa sifuri. Na kuidhinishwa hawaangalii mshahara wako kama unaweza kubeba, wanaangalia tu kama huna rekodi mbaya ya madeni. Watu wetu wengi wana kredit safi kwa sababu wanaogopa madeni, basi wanapita vizuri kabisa. Ukiuchukua huo miaka minne mfululizo ni 90,380 kabla ya riba iliyojilimbikiza, na ukilipa kwa miaka 10 ni zaidi ya dola 1,100 kila mwezi. Baba mdogo aliposikia hiyo namba alinyamaza, akauliza, "sasa rent nitalipa na nini?"

Hapo kwenye huo mstari ndipo kisa chote kilipogeukia. Parent PLUS anaweza kuchukua mzazi aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria, na baba au mama wa kambo kwa hali fulani kama taarifa zake zimo kwenye fomu. Baba mdogo hayumo. Babu na bibi hawamo. Hata mlezi mwenye karatasi ya mahakama hayumo. Nikamuuliza yule binti kwa upole, kwenye FAFSA pale kwenye mzazi ulimwandika nani? Akamtazama baba mdogo wake. "Nilimwandika baba."

Kwa ambao hawajaijaza, FAFSA ni fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, ni bure, inajazwa studentaid.gov, na vyuo karibu vyote vinaitegemea. (Kuna watu wanatoza hela kuwajazia ndugu zao, msiwalipe.) Inatoa namba inaitwa SAI ambayo ndiyo makisio ya uwezo wa familia kuchangia, inaweza kushuka mpaka chini ya sifuri, hasi 1,500. Pell ya juu kabisa kwa 2025-26 ni 7,395, na kwa wale ambao kipato chao sio kidogo kiasi cha kupewa hiyo ya juu moja kwa moja wanachukua 7,395 wanatoa SAI yako, kinachobaki ndio Pell yako. Familia hii mwaka 2023 waliingiza kama dola 96,000 wote wawili, ovataimu za usiku na za wikiendi zikiwemo, watu sita nyumbani. SAI ikatoka 4,890, ndio maana Pell ikawa 2,505. Fomu haina mstari wa kuandika hela unayotuma Nyarugusu kila mwezi wala ada za watoto wa dada yako walioko Uvira, inaona 96,000 tu basi.

Sasa mzazi kwenye FAFSA ni aliyekuzaa au aliyekuasili. Kulea peke yake hakuhesabiki, hata kama ni toka ana miaka sita, hata kama ndiye anayesaini karatasi zote za shule na ndiye aliyekaa naye hospitali. Ni ngumu kumeza hii, na nilimwona mama mdogo inavyomchoma, lakini ukiitazama vizuri ina upande wake mzuri: kama baba mdogo hahesabiki mzazi basi na mshahara wake hauhesabiki. Fomu ina sehemu inauliza hali binafsi za mwanafunzi, na moja ya visanduku inauliza kama wakati wowote toka umefika miaka 13 umekuwa huna mzazi wa kukuzaa wala wa kukuasili aliye hai. Watu wanaisoma vibaya wakidhani wazazi lazima wawe wamefariki baada ya wewe kufika 13. Hapana, waliokufa ukiwa na miaka mitano bado hawako ulipofika 13, kwahiyo unaingia. Ukitia tiki hapo unakuwa mwanafunzi anayejitegemea kwenye hesabu, hawaombi taarifa ya mzazi yeyote, wanaangalia kipato chako wewe mwenyewe.

Binti alipofika hapo aliweka tiki kwenye "hakuna kati ya hizi". Nilimuuliza kwa nini, akasema neno yatima lilimtisha, baba mdogo na mama mdogo wako pembeni yake mezani, angelitia tiki vipi? Akaendelea, fomu ikamwambia mwalike mzazi, akaweka imeili ya baba mdogo, baba mdogo akafungua akaunti, akatoa idhini IRS, mamlaka ya kodi, ilete taarifa zake za kodi, akasaini. Kila kitu kilikubali. Kompyuta haijui kwamba huyu sio aliyemzaa, majina ya ukoo yanafanana, anwani moja.

Maswali waliyouliza pale sebuleni nayaweka hapa maana najua ndio maswali ya nyumba nyingi.

La kwanza, lakini sisi tunamweka kwenye kodi kila mwaka kama mtegemezi wetu, je haigongani? Haigongani. Sheria ya kodi inakubali kumweka mtoto wa ndugu unayeishi naye na kumtunza, FAFSA ina kipimo chake tofauti. Unaweza kuwa mtegemezi kwenye kodi ya baba mdogo na ukawa unajitegemea kwenye FAFSA, mwaka huo huo, na zote mbili ni halali.

La pili lilikuwa zito na walilisema kwa sauti ya chini: tukibadilisha si wataona tulidanganya, na uhamiaji je? Hii hofu ya uhamiaji iko kwenye kila nyumba yetu na sitaki kuipuuza. Lakini tukatoa yale makaratasi ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, ile karatasi ya usajili wa familia ya UNHCR, binti kaandikwa pale mtoto wa kaka wa mkuu wa familia. Kwenye faili la kuja Amerika hivyo hivyo. Yaani karatasi za ukimbizi ndizo zilizosema kweli toka mwanzo na FAFSA ndiyo iliyokuwa na kosa. Kusahihisha FAFSA kunaruhusiwa, unaingia kwenye akaunti yako, unachagua kufanya marekebisho, unabadilisha jibu, unasaini upya. Cha hatari ni kujua kuna kosa halafu ukaliacha, maana ile fomu unasaini kwamba ni kweli na kudanganya makusudi kuna faini na hata jela.

La tatu aliuliza mama mdogo, "kwahiyo na sisi tutakuwa nani kwake?" Nilimjibu kwamba hiyo fomu ni ya hela tu. Binti alishika mkono wake, mimi nikanyamaza.

Marekebisho yenyewe yalikuwa ya jioni moja, ila kabla ya hapo akaunti ya binti iligoma kwa sababu nyingine ambayo nayo ni yetu sana: jina. Kadi ya Social Security ina majina mawili, kadi ya kijani ina matatu na yamepangwa kinyume. Fomu inalinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na kumbukumbu za ofisi ya Social Security, halafu hali ya uhamiaji inalinganishwa na za idara ya Homeland Security kwa ile namba ya A ya kwenye kadi ya kijani, kwahiyo jina likitofautiana kidogo inarudi na alama ya tatizo. Alipojaza Disemba ilipita baada ya kuhangaika, safari hii ikaomba tena. Kama mtoto wako yuko darasa la 11 nenda Social Security sasa hivi jina liwe sawa na la kadi ya kijani, usisubiri mwaka wa fomu. Na wale wote waliopewa Januari 1 kama siku ya kuzaliwa msijaribu "kurekebisha" tarehe humo kwenye fomu, andikeni iliyoko kwenye karatasi.

Baada ya siku chache SAI mpya ikatoka. Hasi 1,500. Pell ikapanda toka 2,505 mpaka 7,395 nzima, kwa sababu yeye mwenyewe kazi yake ya jioni dukani haifiki hata kiwango cha kulazimika kujaza kodi.

Ila ofisi ya msaada ya chuo ikiona mtu kabadilika ghafla toka tegemezi mpaka anayejitegemea, wakati wiki iliyopita alikuwa na "baba" aliyesaini, lazima iulize. Na iliuliza. Walitaka ushahidi wa vifo. Hapa wale wa Tanzania watakumbuka mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ukisema wewe ni yatima cheti cha kifo lazima kihakikiwe RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, kabla hujasogea hatua. Huku fomu inakubali neno lako kwanza, chuo kinauliza baadaye, ila swali ni lile lile: cheti kiko wapi? Cha baba hakipo, nani alikuwa anatoa cheti kijiji kinaungua? Cha mama pia hawakuondoka nacho kambini. Tulichopeleka ni kopi ya usajili wa UNHCR, kurasa za faili la kuja Amerika zinazoonyesha uhusiano, barua ya shirika lililowapokea walipofika, barua ya mchungaji aliyewajua toka kambini, na maelezo ya binti mwenyewe ukurasa mmoja, tarehe anazozijua na asizozijua kaandika hazijui. Sheria haijataja cheti kama njia pekee, ofisi ya chuo ndiyo inayopima na ina uhuru wa kupokea ushahidi mwingine unaoeleweka. Wakapokea. Ushauri wangu hapo, hayo maelezo ya ukurasa mmoja muache mtoto aandike mwenyewe kwa maneno yake, usimwandikie, yule ofisa anasoma mengi na anajua la mtoto ni lipi.

Barua ya pili ya chuo cha Ohio ikaja. Skolashipu 21,000, Pell 7,395, kazi ya chuoni 2,400 vile vile. Parent PLUS imeondolewa. Badala yake mikopo ya mwanafunzi ikapanda mpaka 9,500, maana anayejitegemea mwaka wa kwanza anaruhusiwa kukopa mpaka hapo badala ya 5,500. Safari hii baki haikuwa sifuri, ilikuwa 13,705. Aliandika barua ya kuomba waangalie upya, wakaongeza 3,000, ikabaki 10,705, kwa mwaka mmoja, na hapo tayari kashakopa 9,500. Grupu la ukoo likauliza imekuwaje skolashipu imepungua. Haikupungua, pesa ya bure iliongezeka, ila ule mkopo uliokuwa umeziba shimo uliondoka na shimo likaonekana.

Upande wa pili kulikuwa na chuo kikuu cha serikali cha hapa jimboni, ambacho mwanzoni barua yao ilitupwa pembeni kwa sababu ilikuwa na namba ndogo. Hii ni tabia nataka watu waiache, kushindanisha barua kwa ukubwa wa msaada. Chuo cha 54,000 kinachokupa 30,000 na chuo cha 21,500 kinachokupa 16,000, wa pili ndiye anayekuachia deni dogo.

Cha serikali akiishi nyumbani: ada 13,900, vitabu 1,100, chakula nauli na mengineyo wamekadiria 6,500, jumla 21,500. Pell 7,395. Hela ya jimbo, CAP na KEES kwa pamoja, 6,900. Granti ndogo ya chuo 2,000. Pesa ya bure 16,295, yaani ada yote inaisha na zinabaki 2,395 ambazo chuo kinamrudishia mwanafunzi kwa vitabu na nauli. Juu yake wakampa kazi ya chuoni 2,500 na mkopo wa 2,705 wenye riba inayolipwa na serikali akiwa shuleni.

KEES ni hela ambayo mtoto wa Kentucky anaichuma kwa maksi zake kila mwaka wa haiskuli toka darasa la 9, wastani wa 3.6 mwaka mmoja ni dola 400, minne ni 1,600, na hiyo 1,600 anaipata kila mwaka akiwa chuo, mradi asomee Kentucky na maksi zisianguke. Ndio maana kwenye barua ya Ohio haikuonekana kabisa. CAP inaangalia uhitaji na inagawiwa kwa waliowahi kutuma FAFSA mpaka fungu likiisha, yeye alituma Disemba akaikuta. Waliotuma mwezi wa tano na wao wana uhitaji ule ule wanaweza kuambiwa imekwisha, inauma sana kuona hiyo.

Akachagua cha serikali. Mkopo wa 2,705 aliukataa, maana kupewa kwenye barua sio kuamriwa kuchukua, unaingia kwenye tovuti ya chuo kila mstari una kitufe cha kukubali au kukataa au kukubali kiasi. Akibanwa muhula wa pili anaweza kurudi kuuomba mwaka huo huo, haujapotea. Kazi ya chuoni aliikubali, anakaa maktaba jioni.

Kuna kitu kimoja kwenye kisa hiki kinanisikitisha bado. Berea College iko mwendo wa chini ya saa moja kusini mwa Lexington, haijatoza ada toka 1892, kila mwanafunzi anafanya kazi saa 10 au zaidi kwa wiki na inachukua makusudi watoto wa familia zenye kipato kidogo. Na wana unesi! Binti hakuomba kwa sababu hakuna aliyemwambia, na tulipokutana dedilaini ilishapita. Sisi tunaijua Harvard toka kambini na cha jirani hatukijui. Vile vile vyuo binafsi vyenye mfuko mkubwa vinavyoahidi kuziba uhitaji wote vinaweza kutoka nafuu kuliko hata cha serikali kwa mtoto mwenye SAI ya chini, kwahiyo nisieleweke kwamba binafsi ni kubaya, nasema tu piga hesabu ya pesa ya bure kabla hujapiga vigelegele.

Sasa wale ambao hawako sawa na huyu binti, kwa sababu nimeshaulizwa. Mtoto analelewa na baba mdogo lakini mama yake yuko hai, yuko Nyarugusu au Bujumbura? Huyo sio yatima, asitie tiki hapo. Kama kuna karatasi ya mahakama ya hapa Marekani inayosema huyu ni mlezi wake kisheria, anaingia kwa kisanduku cha ulezi. Kama hakuna karatasi na mama anapatikana kwa simu, basi mama ndiye mzazi kwenye FAFSA, na toka fomu ya 2024-25 mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti na kusaini, kipato chake anakiandika, hata kama ni sifuri. Na kama mzazi hajulikani aliko, walipotezana vitani, au kumtafuta ni hatari, kuna swali la hali zisizo za kawaida, na sheria imetaja kwa jina hali ya ukimbizi na hifadhi kuwa moja ya sababu. Ukisema ndio unapewa hesabu ya muda kama anayejitegemea, halafu ofisi ya chuo inaamua baada ya kuona ushahidi. Lakini mzazi yupo Louisville, anafanya kazi, ila hataki tu kutoa taarifa zake za kodi kwa sababu kagombana na mtoto? Hiyo peke yake haikubaliki, na kusema najitegemea nina rent yangu nayo haikubaliki kama uko chini ya miaka 24 na huna sababu nyingine zilizotajwa. Najua inaonekana sio haki.

Kwa familia hii sasa kazi iliyobaki ni ya mtoto wao wa kumzaa, wa kwanza, ambaye mwaka huu yuko darasa la 12. Yeye mzazi wake ni huyo huyo baba, halali kabisa, na 2024 ovataimu hazikupungua, kwahiyo SAI yake itakuwa karibu na ile 4,890 au juu zaidi na Pell yake itakuwa ndogo. Zamani ukiwa na watoto wawili chuoni mchango wa familia uligawanywa, hiyo iliondolewa toka 2024-25, kwahiyo binti kuwa chuoni haimsaidii mdogo wake. Na sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka kikomo kwenye Parent PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja mpaka amalize. Baba ameshasema hachukui hata dola moja ya huo mkopo. Kijana anataka uhandisi, KEES yake sio mbaya, na wiki iliyopita wamekaa yeye na dada yake wanajaza FAFSA ya 2026-27 pamoja, dada anamsomea visanduku kimoja kimoja, na Berea imewekwa ya kwanza kwenye orodha ya vyuo.